Mashavu ya Mume Wangu

Mume wangu ananunua dhahabu Geita, na katika kazi ile mnunuzi mwembamba haaminiki. Wachimbaji wakiona kitambi wanajua huyu anazo, hatawazungusha. Kile chake nilikilisha mwenyewe kwa nyama choma na soda, na nilijivunia.

Mkojo wake ulipoanza kutoa povu kama la sabuni, tulicheka. Daktari hakucheka. Alisema mafuta yakizidi mwilini hayakai kimya. Yanaleta uvimbe wa ndani usioonekana na taka kali zinazounguza figo polepole, huku figo zenyewe zikichuja kupita uwezo wake mpaka zinachakaa. Sehemu iliyokufa hairudi. Iliyobaki ingeweza kuokolewa, kama angepungua na kuacha chumvi.

Basi akapungua. Miezi minane ya mchicha, matembezi ya alfajiri na hasira. Suruali zikampwaya. Wachimbaji wakaanza kumpita na kwenda kwa mnunuzi wa jirani, wakinong'ona kwamba anaumwa ule ugonjwa. Sikuwajali, maana vipimo vilikuwa vizuri.

Ndipo mama mkwe akaja kutoka Tinde. Nilipiga magoti nikamwamkia, hakuitikia. Alikuwa anamkodolea macho mwanawe.

"Mwanangu amekuwa hivi, na wewe mke upo?"

Nilimweleza habari za figo, nikamwonyesha karatasi za hospitali. Wapi! Kwetu mume akikonda anayeulizwa ni mke. Siku hiyo hiyo akashika jiko langu: samli, nyama ya kukaanga, chumvi ya kujaza kiganja. Mume wangu alinitazama, kisha akala. Angekataaje chakula cha mkono wa mama yake? Na mimi ningemnyang'anyaje sahani mbele ya mama huyo? Niliosha vyombo nikilia, na hasira zaidi nilijionea mwenyewe.

Mwezi wa pili tangu mama aje, mashavu yakajaa. Asubuhi macho yake yalikuwa hayafunguki vizuri. Mama mkwe aliwaita majirani, akayapapasa mashavu yale na kupiga vigelegele.

"Mnaona? Mwanangu amerudi!"

Nilikuwa nimeinama nikijaribu kumvalisha viatu, vimekataa kuingia. Nikabonyeza mguu kwa kidole, juu kidogo ya kifundo. Shimo likabaki pale pale. Hakuwa amenenepa, yalikuwa maji ambayo figo zimeshindwa kuyatoa.

"Mkwe wangu," mama alisema kwa furaha, "mwongezee mchuzi."

Nikainuka, nikaenda kumwongezea.