Siku Nilipozima Trakta kwa Heshima

Ninamshukuru Mungu, Bwana wa amani, aliyetulinda katika miaka ambayo mtu alilala bila kujua kama ataamka, na aliyeniacha nizeeke hata niweze kusimulia aibu yangu bila kuficha uso. Maana ni aibu, wapendwa, na ilinipata mbele ya kanisa zima, nikiwa nimevaa shati jeupe alilonipigia pasi mke wangu, Mama Rebeka.

Kanisa letu liko pembeni mwa mji wa Bunia, na mbele yake kuna uwanja mpana unaotenganisha mitaa miwili. Wakati wa vita watu wa mtaa huu waliwakimbia wale, na wale wakawakimbia hawa, na uwanja ukabaki mali ya majani. Amani iliporudi (nasema amani, ingawa bado tulilala na viatu karibu na kitanda), majani yalikuwa yanamfikia mtu mzima kifuani. Ng'ambo yake alikaa Mama Furaha, mjane aliyekuwa zamani akiongoza nyimbo zetu. Nilipomwomba arudi kanisani aliniambia waziwazi: "Muzee, kuomba ninataka. Lakini mule mu majani siwezi pita. Sijui nani iko ndani."

Mtaniuliza kwa nini hatukuita salongo, kazi ya pamoja, kila mtu aje na panga lake tufyeke. Ndilo neno lenyewe. Nani angethubutu kuwaita wanaume wa mitaa ile miwili, kila mmoja na panga mkononi, waingie pamoja kwenye majani marefu? Wazee tulikaa, tukaomba, tukakata shauri inunuliwe trakta ndogo ya kukata majani, mtu mmoja aiendeshe, na mapanga yabaki nyumbani. Nikatumwa mimi kwenda Aru, kule mpakani, kwa sababu niliwahi kuendesha lori (zamani sana, na lori si trakta, lakini hilo sikulisema).

Muuzaji alikuwa nazo mbili, bei karibu sawa. Moja ilikuwa ndogo, rangi imefifia, lakini injini yake ilinguruma taratibu na vipuri vyake vilipatikana hata Bunia. Ya pili ilikuwa nyekundu, pana, na kiti chenye mgongo kama cha gavana, ila bomba lake la moshi lilikuwa limetobolewa na kutu. Nilisimama mbele ya ile ndogo, muuzaji akacheka. "Muzee wa kanisa apande hii? Batu batakucheka!" Basi nikanunua kiti, ndugu zangu. Bomba nikalifunga kwa waya.

Iliposhushwa kwenye lori na kuwashwa, Mama Rebeka aliisikiliza kidogo, akasema, "Baba, hii kitu iko na kifua."

"Ni sauti ya nguvu," nikamjibu.

Kutoka hapo nilikata tu. Majani mabichi yalishikamana na visu kule chini nami nikayaacha yakaukie hapo, kichujio cha hewa kikajaa vumbi jekundu, petroli iliyokaa muda mrefu nikaichanganya na mpya, na injini ilipoanza kupiga chafya nikaiombea (kuombea si vibaya, lakini Mungu alikuwa amenipa pia mikono ya kusafishia kichujio).

Ikafika Jumapili tuliyoingoja. Palikuwa pamebaki ukanda mmoja tu wa majani katikati ya uwanja, na mchungaji alitaka niukate mbele ya watu wote, kisha tuombe pamoja. Watu walitoka pande zote mbili, na meza na ngoma za kanisa zikatolewa nje. Mama Furaha alikuja, akasimama katikati ya wamama wa upande wetu, mmoja wao akamshika mkono. Nikaukata ule ukanda, injini inanguruma kwa nguvu zake zote, na mara nikamwona mchungaji ameinua mkono: "Tuombe." Nikaona si adabu Mungu aitwe juu ya makelele yangu. Ilinipasa kuipunguza injini kwanza, itulie, ndipo niizime. Mimi, kwa heshima, nikazungusha ufunguo papo hapo.

Pa! Na tena, pa!

Moto ulitoka kwenye lile bomba bovu kwa mlio ambao kila mtu wa Bunia anaujua. Wamama walilala chini, ngoma zikabingirika, mchungaji akaingia chini ya meza, nami niliyejua kabisa kwamba ni trakta nilijirusha kutoka kwenye kiti changu cha gavana nikaangukia mavi ya ng'ombe. Nilipoinua kichwa niliona jambo lililoniuma kuliko lile shati. Katikati ya uwanja hapakuwa na mtu. Kila mmoja alikuwa amekimbilia upande wake, kama zamani.

Askari wa doria wakafika mbio. "Nani alipiga masasi hapa?" akauliza mkubwa wao.

"Ni mimi, komanda."

"Bunduki iko wapi?"

"Ni hii," nikasema, nikionyesha trakta.

"Papa, usinichezee. Washa. Zima."

Nikawasha, nikazima. Pa! Komanda mwenyewe akalala chini. Mtu akacheka upande ule, mwingine akacheka upande huu. Lakini Mama Furaha hakucheka, maana alikuwa amekwisha kujifungia nyumbani.

Kesho yake nilivuka uwanja kwa miguu, nikabisha. Akasema nami mlango umefungwa: "Baba, ile siku ya vita walikuja, tulikuwa mu maombi vilevile. Macho tulikuwa tumefunga."

Nikaomba msamaha, nikabaki nimesimama. Naye akasema, "Kelele inaweza kuwa. Lakini mutu aniambie kwanza."

Tuliweka bomba jipya. Nikajifunza kukwangua majani chini ya visu kila ninapomaliza, kukung'uta kichujio, kumwaga petroli iliyolala, na kuipumzisha injini kabla ya kuizima. Na kila mara, kabla ya kugusa ufunguo, nilikwenda mlangoni pake: "Mama Furaha, ninawasha." Nilingoja mpaka ajibu. Mwanzoni alijibu kutoka ndani, baadaye dirishani.

Asubuhi moja nilibisha, kimya. Nikageuka, nikamwona yuko katikati ya uwanja, ameshika reki, anakusanya majani niliyoyakata juzi.

"Mama, ninawasha," nikaita.

"Washa, baba! Mbuzi zangu ziko na njaa, na weye unatembea-tembea!"

Nimeweka ahadi kwa Mungu kwamba sitanunua tena mashine kwa ajili ya kiti chake, wala sitaizima ghafla hata kama ni kwa ajili ya sala. Nawe unayesoma, Bwana akulinde utokapo na uingiapo, na akupe jirani atakayekujibu, "Washa."