Kengele ya Ng'ambo ya Reli

Nyuma ya nyumba yangu huku Mowlem, mashariki mwa Nairobi, kuna fundi wa kuchomelea mageti. Ni kijana mpole, hana neno na mtu, ila ana tabia moja: akimaliza kukata chuma hukiachilia kianguke kwenye saruji. Chuma hulia, mlio ukajivuta weee, halafu ukafifia taratibu. Hapo mimi, mama mzima mwenye watoto waliokwisha kumaliza shule, hujikuta nimesimama, mkono unatafuta sahani na kijiko. Mume wangu amezoea. Siku hizi haniulizi ninakwenda wapi. Hunitazama tu, kisha akarudi kwenye redio yake.

Kama ulisoma shule ya bweni miaka ya tisini, sina haja ya kukueleza zaidi. Kama hukusoma, vuta kiti.

Shule yetu ya wasichana ilikuwa hapa hapa Eastlands, imebanwa kati ya reli na viwanda. Upepo ukivuma kutoka viwandani tulinusa sabuni ikipikwa, na ukigeuka ukatoka upande wa jaa la taka la Dandora tulikimbilia kufunga madirisha. Kengele yetu, nasema kengele kwa heshima tu, ilikuwa kipande cha reli kilichoning'inizwa kwa mnyororo kwenye nguzo mbili karibu na jikoni. Kilipigwa kwa nyundo. Kipande hicho ndicho kilichotuamsha kukiwa bado giza, kikatusukuma kwenye maji baridi ya bafu, kikatuingiza darasani, kikatuita kwenye githeri ya mahindi iliyokuwa na wadudu wengi kuliko maharagwe. Tulikichukia asubuhi na kukipenda jioni, saa ya chakula.

Kwetu kulikuwa ng'ambo tu ya reli, Makadara, kwenye nyumba za wafanyakazi wa reli. Tulikuwa na chumba kimoja na jiko, tukiishi humo baba, mimi na mdogo wangu Wafula. Mama alikuwa nyumbani Bungoma akitunza shamba, na alikuja Nairobi baada ya mavuno, akakaa wiki kadhaa akilalamikia moshi. Kazi ya baba ilikuwa kugonga magurudumu. Treni ikiingia, alitembea kando yake na nyundo yenye mpini mrefu, akagonga gurudumu moja baada ya jingine na kusikiliza. Gurudumu zima hulia vizuri. Lenye ufa hutoa sauti ya sufuria iliyopasuka. Alikuwa mtu wa maneno machache, nadhani kwa sababu mchana kutwa kazi yake ilikuwa kusikiliza.

Majirani walimwona wa ajabu. Mtoto anaitwa shule anayoweza kuiona akisimama mlangoni, kwa nini alale huko? Baba aliwajibu kwamba mtu anayesoma anahitaji meza isiyoliwa chakula juu yake. Siku ya kuripoti kidato cha kwanza alinibebea sanduku la bati begani, tukavuka daraja la miguu juu ya reli. Wenzangu walishuka kwenye mabasi na magari, wengine wamesafiri usiku kucha. Sisi tulifika tukiwa na vumbi kidogo tu kwenye viatu.

Kwenye geti nilifanya mambo. Nililia, nikamshika koti kwa mikono miwili, nikamwambia turudi. Baba alinibandua kidole kimoja kimoja. Alikuwa ananiita Mama, kwa vile nilipewa jina la mama yake, Nekesa. Aliniambia, "Mama, hapa si mbali. Tulia usome." Akageuka akaenda, na hakutazama nyuma hata alipopanda daraja. Nilijua hakutazama, maana nilimtazama mpaka akapotelea upande wa pili.

Sasa nikueleze kuhusu Jumapili ya wageni. Hiyo ndiyo siku ambayo mtoto wa bweni alijulikana kwao ni akina nani. Tangu asubuhi tulichana nywele, tukapiga viatu rangi, tukajipanga kwenye ua kama kuku wanaongoja mtama. Wazazi waliingia na vikapu, wakatandika leso kwenye nyasi, na uwanja mzima ukanuka chapati na kuku wa kukaanga. Kila familia na kisiwa chake cha leso. Rafiki yangu mkubwa, Mwikali, alitoka Mwingi, na mama yake alisafiri kwa basi la usiku akiwa na sufuria ya muthokoi, mahindi ya kukoboa na maharagwe, iliyofungwa kwa kitambaa, akafika macho mekundu na kicheko tayari.

Baba hakuja. Hakuja Jumapili ya kwanza, wala ya pili, wala nyingine yoyote. Mama Mwikali alikuwa ananiita kwenye leso yake, ananipakulia kabla ya mwanawe. Mara ya kwanza aliniuliza kwetu ni wapi. Nikaonyesha kwa kidole, hapo, ng'ambo ya reli, paa zile unaziona. Alitazama zile paa, akanitazama mimi, akaniongezea muthokoi. Ule muthokoi ulikuwa mtamu sana, na niliula nimezipa zile paa mgongo. Wasichana wengine hawakuwa na adabu ya mama Mwikali. Waliniita yatima wa hapo tu. Nilijibu kwamba baba yuko zamu, na mara nyingine ilikuwa kweli. Lakini usiku nilijilaza nikisikia treni zikipita nikijiuliza ni baba wa aina gani anayeweza kufika kwa miguu na hafiki.

Likizo ilipofika hakuna aliyeligusa jambo hilo. Baba aliniuliza kama nasoma, nami nikasema nasoma, tukala.

Kidato cha pili walinifanya mpiga kengele. Walimu waliona siamki kwa kuburutwa kama wenzangu, kwa sababu nyumbani nilizoea kuamka na zamu ya alfajiri ya baba. Nilivishwa saa ya shule, kubwa, ikinizunguka mkononi kama bangili. Kazi hiyo ilikuwa na cheo chake: mpiga kengele alipakuliwa mwanzo, na hakuna aliyethubutu kumchokoza, maana angeweza kukuongezea dakika za kusoma jioni. Likizo iliyofuata nilimweleza baba. Kwa mara ya kwanza nilimwona akisahau chai yake. Aliniuliza napiga wapi. Nikasema napiga chuma, baba, kwani kuna wapi pengine?

Alinitoa nje, akatafuta kipande cha chuma, akakifunga kwa waya kwenye kamba ya nguo. Akanifundisha kupiga mwishoni, si katikati, na kuiacha nyundo ianguke kwa uzito wake, mkono ukiwa umelegea. Ukipiga hivyo chuma hulia mbali, na nyundo hurudi yenyewe ikagusa tena kidogo, mlio mdogo nyuma ya mkubwa. Tulishinda alasiri nzima tukigonga, Wafula ameziba masikio, majirani wakichungulia. Nilirudi shule na mlio wangu mwenyewe. Hata matroni alisema kengele siku hizi inaimba.

Niliipiga mwaka mzima. Tulipoingia kidato cha tatu kazi ikapewa msichana mwingine, kama ilivyo desturi, nami nikabaki mlaji wa kawaida kwenye foleni. Yule mtoto aliichapa reli kama mtu anayeua nyoka. Sikujali. Zamu yangu ilikuwa imekwisha.

Siku ya tatu au ya nne ya kengele hiyo mpya, tukiwa darasani, Mwikali aliyekuwa ametumwa ofisini aliingia mbio. Akaniinamia, lakini mnong'ono wake ulifika mpaka dawati la nyuma. "Nekesa, buda yako ako kwa geti. Na ako na nyundo."

Darasa lilicheka. Mimi nilitoka mbio. Unajua wewe uliyesoma bweni: katikati ya wiki mzazi haji ila kuna msiba. Njia nzima kuelekea getini nilikuwa nikimlilia mama yangu kimoyomoyo, nikimwona amelazwa huko Bungoma.

Baba alikuwa amesimama upande wa nje, bado na ovaroli ya kazi yenye madoa ya grisi, nyundo yake ndefu mkononi, na soja wa kulinda shule amejiweka katikati ya geti asijue kama amzuie au amsalimie. Aliponiona alinitazama kutoka kichwani hadi miguuni. Akapitisha mkono kwenye vyuma vya geti, akanishika viganja, akavigeuza juu na chini.

"Wewe ni mzima?"

"Mzima, baba. Nani amekufa?"

"Hakuna mtu amekufa." Akavuta pumzi. "Hiyo kengele anapiga nani?"

Nilimwambia ni zamu ya msichana mwingine. Akaangalia chini, nikaona mabega yake yakishuka. Kisha akasema, "Anapiga katikati. Mwambie apige mwisho wa chuma." Akaniambia nirudi darasani, akamshukuru soja, akaenda zake na nyundo yake.

Wasichana walikuwa madirishani. Hadithi iliiva kabla sijafika darasani: mzee wa Nekesa ametoka kazini kuja kurekebisha kengele. Walinitania nayo mpaka tulipomaliza shule, wakinigongea vijiko kwenye sahani, wakiuliza kama nimepiga katikati au mwishoni. Nilicheka nao, kwani ungefanyaje? Lakini niliumia sana. Jumapili zote zile hakunijia mimi, na siku alipofunga safari, alikuja kwa ajili ya chuma. Nilikaa na jambo hilo muda mrefu, likawa sehemu ya jinsi nilivyomjua baba.

Miaka ikapita. Baba alistaafu, nikaenda na Wafula Makadara kumsaidia kufunga vyombo arudi Bungoma. Wafula, sasa mwanamume mwenye ndevu, alikuwa anafunga sufuria kwa magazeti, akaanza kucheka peke yake. Akaniambia kengele yetu ya shule ilimtesa utoto wake wote.

Nilidhani anasema kelele. Kumbe sivyo. Tangu siku niliyoingia bweni, alisema, baba hakukubali chakula cha jioni kipakuliwe mpaka kengele ya shule ilie. Ugali uko mezani unapoa, Wafula tumbo linanguruma, baba ameketi kwenye stuli mlangoni akitazama upande wa reli. Kengele ikilia, baba anasema, "Haya, pakueni. Dada yenu anakula." Alisema pakueni hata wakiwa wawili tu, kana kwamba nyumba imejaa. Nilipoanza kuipiga mimi mambo yakazidi. Sasa ilibidi kusikiliza hadi ule mlio mdogo wa nyuma. Ukilia, baba alikuwa anaitikia kwa kichwa na kusema, "Huyo ni yeye. Mkono uko sawa."

Halafu siku moja mlio ukaja mwingine. Wafula aliikumbuka vizuri kwa sababu ya njaa. Baba hakusema pakueni. Walikaa mpaka giza likaingia, ndipo akamwambia Wafula ale peke yake. Kesho yake vivyo hivyo, na keshokutwa. Asubuhi iliyofuata alikwenda kazini, na kabla ya saa nne aliwaacha wenzake kwenye reli na kuvuka daraja, nyundo mkononi kwa kuwa alisahau kuiweka chini.

Niliketi juu ya lile sanduku langu la bati, ambalo baba alikuwa ametia nguo zake humo. Nilikuwa na hasira na nilitaka kulia, yote kwa wakati mmoja. Baba aliingia kutoka kuwaaga majirani. Nikamuuliza swali ambalo sikuwahi kumuuliza: kwa nini hakuja hata Jumapili moja?

Alisema, "Mama, mtoto wa Mwingi, mamake akienda, atalia, atachoka, atalala. Kwao ni mbali. Wewe ungeniona nikipanda daraja, ungeruka ua. Na mimi ningekufungulia mlango." Akainama akakaza kamba ya sanduku, nami bado nimelikalia.

Mwaka huu sisi wanafunzi wa zamani tulikutana shuleni. Tumenenepa, tumevaa miwani, tunaulizana dawa za magoti. Mwikali alikuja na leso ya marehemu mama yake akaitandika kwenye nyasi pale pale. Siku hizi shule ina king'ora cha umeme. Lakini reli bado inaning'inia nyuma ya jikoni, ina kutu, na kila mmoja alitaka kuigonga. Waligonga katikati, wote. Kisha wakanisukuma mbele wakigonga vijiko, wakiimba jina la mzee wangu wa nyundo.

Nilimpigia Wafula simu kwanza. Alikuwa Bungoma kwa baba, ambaye siku hizi hasikii vizuri na huongea machache hata kuliko zamani. Nikamwambia aiweke simu karibu na sikio la mzee, na Mwikali akanishikia yangu karibu na chuma. Nililegeza mkono. Nikaiacha nyundo ianguke mwishoni, kwa uzito wake, ikalia, ikarudi, ikagusa tena kidogo.

Nikamnyang'anya Mwikali simu, nikaitia sikioni. Kwenye simu nikasikia stuli ikisogezwa, kuku wa nyumbani, na mtu mmoja mzee akivuta pumzi. Halafu sauti yake, si kwangu bali kwa watu wa nyumba:

"Haya. Pakueni."