Kibaba cha mfuto, kibaba cha tele: hesabu iliyoniokolea boflo za harusi Bagamoyo

Wakuu, salaam kwenu nyote. Haya yamenipata mwenyewe, sikuhadithiwa. Mwenye kubisha abishe, lakini asome mpaka mwisho.

"Mikono laini ile? Kukanda unga hawezi!"

Hayo ni maneno ya mjomba wangu, tena barazani mbele za watu, siku niliyotangaza kuwa nimerudi kutoka Ulaya na ninafungua tanuri la mikate. Wengine wakasema nitafunga kabla jivu halijapoa.

Mwenye diploma ya uokaji mji mzima nilikuwa mimi peke yangu, na ada yake niliilipa kwa kuosha vyombo hotelini. Sikubebwa na mtu.

Kazi yangu ya kwanza kubwa ilikuwa boflo za harusi, ile mikate midogo ya ngano. Mzee Shomari alikuwa anamwoza mwanawe. Kumbe gari lililokuwa likileta unga wangu kutoka Dar limenasa kwenye matope, na mizani yangu mpya imo humo humo.

Harusi kesho.

Nikaazima unga wa ngano nyumba tatu za mtaani. Aliyenipa mwingi kuliko wote ni jirani yangu Bi Zuhura.

Hapa vijana someni taratibu. Siku zile majumbani unga ulipimwa kwa kibaba, chombo cha ujazo. Ukipitisha kiganja juu kikawa sawasawa, hicho ni kibaba cha mfuto. Ukikijaza mpaka kikafanya kilele, hicho ni cha tele. Madukani ratili, ambayo ni karibu nusu kilo, ilikuwa inaondoka, kilo zinaingia. Na masomo yangu yote yalikuwa ya kilo.

Kila niliyemuuliza uzito wa kibaba alijibu bila kufikiri: "Ratili moja na nusu."

Nikageuza ratili kuwa kilo, nikapima maji kwa hesabu hiyo, nikakanda donge dogo la kujaribia.

Wakuu, ulikuwa uji.

Bi Zuhura akachungulia karai. "Mwanangu, diploma hii ni ya mikate au ya kunyweshea wagonjwa?"

Mzee Shomari, aliyekuja kuangalia kazi, hakucheka. "Kijana, wageni wangu watakula nini kesho? Sema sasa hivi nikatafute mihogo."

Nikiharibu harusi ya mtu, nani angenunua mkate wangu tena Bagamoyo?

Nikamwomba anisubiri hadi jioni. Nikasimama mbele ya lile karai nikitafakari, na jibu likaja: ratili na nusu wanayoitaja wote ni ya mchele! Unga ni mwepesi, una hewa ndani.

Nikachukua kibaba cha Bi Zuhura mbio hadi dukani, mwenye duka akiwa anafunga aende kuswali. Akaniwekea mizani haraka haraka, huku akinung'unika. Mchele wa mfuto: ratili na nusu kweli. Unga wa mfuto: ratili moja tu. Unga wa tele: ratili moja na robo.

Nilirudi kama mtu aliyetoka rumande. Nikaupima unga wote upya kwa mfuto, nikapunguza maji, nikakanda kwa mikono hii hii laini.

Asubuhi boflo zilitoka zimeumuka, ganda jekundu. Mzee Shomari alivunja moja, akainusa, akasema, "Alhamdulillahi." Nikakaa juu ya gunia.

Kwa hiyo wakuu, mtu akikutajia kibaba, au hata kikombe cha siku hizi, muulize kwanza: cha kitu gani, na mfuto au tele? Ndipo ugeuze kuwa kilo.

Gari lilipofika nilipima madeni ya unga kwa mizani yangu, kila kibaba kwa uzito wa tele, nikaanzia kwa Bi Zuhura.

"Kilo simjui ni nani," akasema. "Mimi nilikupa tele."

"Shika kibaba chako, bibi. Pima."

Akapima kimoja kimoja, na vilele vyake, macho hayabanduki kwangu. Kibaba cha mwisho kikajaa, mfuko ukawa mtupu.

"Haya baba, tumemalizana. Karibu chai."

Chai niliiahirisha. Nilimaliza kwanza nyumba mbili zilizobaki, na jua halijazama nilikuwa sidaiwi hata unga wa kupakaza kidoleni.

Nanyi kwenu unga mlipima kwa chombo gani? Semeni hapa chini, na wabishi pia nafasi ipo.