Nyoka Aliyenyamaza Tumboni mwa Baba

Utotoni mwangu, kijijini kwetu nje kidogo ya Kisesa, hakuna aliyeumwa tumbo hivi hivi tu. Bibi, mama yake Baba, alitufundisha kwamba kila mtu huzaliwa na nzoka, yaani nyoka wa tumboni. Akiguruma, ana njaa. Akiuma, ameudhiwa. "Lakini akinyamaza kabisa," Bibi alisema, "huyo muogopeni."

Baba yangu, Masanja, aliendesha trekta la kijiji. Zilikuwa enzi za ujamaa, na shamba zima la pamba lilitegemea trekta hilo moja. Kiti chake kilikuwa chuma kitupu. Mgongo ulipomsumbua, Baba alimeza aspirini alfajiri, kabla hajatia kitu mdomoni, akaenda kulima. Kiungulia kilipoanza, rafiki yake akamletea kutoka Mwanza vidonge vyeupe vya magineziamu, vikubwa, vyenye harufu ya peremende na ladha ya chaki. Alivitafuna kama njugu. Moto wa tumbo ulizimika, akameza aspirini nyingine. Moto ukirudi, akatafuna tena. Hakuna aliyemwambia vitafunwe kwa muda gani, naye hakuuliza. Dawa inayouzwa dukani, alisema, haiwezi kuwa na ubaya.

Msimu uliofuata wa kulima ulipokaribia, Baba alisema amepona. Lakini midomo yake ilikuwa imepauka, na kutoka kisimani hadi nyumbani ilimbidi apumzike njiani. Bibi alikuwa akimtazama. Siku moja aliniambia, kwa sauti ya chini, "Nyoka wake amenyamaza." Nilikuwa mtoto wa darasa la tatu. Tangu siku hiyo niliogopa kukaa karibu na Baba, na nilijichukia kwa kumwogopa.

Kisha ikaja jioni ile tuliyokuwa tunakula ugali na sato. Bibi aliacha kula, akamgeukia mwanawe.

"Masanja, choo chako siku hizi kikoje?"

Mama, ambaye alikuwa mjamzito wa kukaribia kujifungua, aliinamisha kichwa. Swali kama hilo haliulizwi kwenye chakula, tena kwa mtu mzima mbele ya watoto wake.

"Mama, hapa?" Baba aliuliza.

"Nimekuuliza. Ni cheusi kama masizi?"

Baba alinawa mikono, akainuka, akatoka nje. Hata mimi nilielewa kwamba hilo lilikuwa jibu.

"Nyoka akinyamaza na choo kikawa cheusi," Bibi alisema, "ujue anamla mwenye nyumba."

Haikupita wiki. Ilikuwa mchana, jua kali, watu wote shambani. Trekta liliacha mstari wake likaenda upande, likazimika. Tulipofika, Baba alikuwa ameshikilia usukani kwa mikono miwili, na mbele ya shati lake alikuwa ametapika kitu cheusi, chengachenga, kama machicha ya kahawa. Mzee mmoja alirudi nyuma. Bibi peke yake alipanda, akampangusa mdomo kwa khanga yake.

Lilikuwepo lori lililoleta mbegu za pamba. Mama hakuweza kusafiri, hivyo mimi nilipandishwa pamoja na Bibi, kwa sababu Bibi alijua Kisukuma tu na huko mjini lazima awepo mtu wa kumsemea. Njia nzima hadi Mwanza kichwa cha Baba kilikuwa mapajani mwa Bibi.

Hospitali tulipokewa na daktari kijana, mtu wa Bukoba kwa lafudhi yake. Alimwamkia Bibi shikamoo, kisha akanigeukia.

"Muulize bibi yako, choo cha mgonjwa kilikuwaje siku hizi?"

Nilitafsiri huku nikitazama sakafu. Bibi alimsogelea daktari.

"Masizi," alijibu mwenyewe, kwa neno hilo moja la Kiswahili alilolijua.

Daktari aliita watu, na Baba akasukumwa ndani. Dereva wa lori alimtolea damu. Baadaye daktari alitueleza: aspirini ilichuna tumbo hadi likafanya kidonda, na vile vidonge vyeupe vilituliza maumivu tu, huku kidonda kikivuja damu, ambayo ikikaa tumboni hugeuka nyeusi.

"Muulize," Bibi alinituma, "nyoka ametoka?"

"Hakuna nyoka, bibi. Ni kidonda," daktari alijibu, nami nikatafsiri.

"Basi kidonda chake kina meno," alisema Bibi kwa Kisukuma. Hilo sikulitafsiri.

Baba alipopata nguvu, aliambiwa asiguse aspirini tena. Dawa ya kupunguza asidi atumie kama alivyoandikiwa, asiichanganye na nyingine bila kuuliza; kiungulia kikizidi wiki mbili arudi, na akiona weusi chooni asisubiri hata siku moja. Aliitikia kila neno kama mwanafunzi.

Leo dawa za asidi zina nguvu zaidi, na zinasaidia wengi, nikiwemo mimi. Nazitumia kwa maelekezo. Siamini tena habari za nyoka, lakini sijawahi kumcheka Bibi. Wote tulifurahi maumivu yalipokwisha; yeye pekee aliuliza yamekwenda wapi, akakubali kuonekana hana adabu mbele ya mwanawe mwenyewe.

Baba alipona. Miaka mingi baadaye alimzika Bibi, mtoto akimzika mama, kwa mpangilio ule ambao kila mama huuomba.