Siku beberu alipohukumiwa kwa asali

Sisi tuliokulia kijijini Muyama tukinuka moshi wa kuni, 'kama' na 'basi' tulizijua kabla ya kuona ubao. Mjukuu wangu Neema anasomea ualimu hapa Kasulu. Juzi kaniletea daftari: kama hili ni kweli, basi na lile ni kweli. Nikamwambia, mimi niliishia darasa la tatu, lakini kazi hiyo niliifanya nina miaka saba, tena na njaa.

Baba alikuwa na mizinga porini. Asali ya harusi ya mjomba ilikaa mvunguni, kwenye chungu. Asubuhi ya harusi chungu kikakutwa kimepungua. Mama akatangaza: "Aliyelamba asali, nzi watamfuata. Na huyo harusini haendi!"

Harusi, jamani! Wali enzi zetu tuliuona Krismasi na harusini tu. Siyo hawa wa leo wanaubakiza sahanini wakichezea simu.

Na nzi ninao! Nimetoka kusiriba sakafu kwa mavi ya ng'ombe, na ingawa nimenawa, harufu imebaki.

"Nzi hao hapo! Umelamba wewe!"

"Mama, umesema aliyelamba hufuatwa na nzi. Hukusema kila mwenye nzi amelamba. Mbona hata beberu anao?"

Mama akaenda kumnusa beberu mdomo. Akarudi kwa baba, maana nzi walijaa kwenye kibuyu chake cha pombe ya ndizi. Akamnusa naye. Baba, mwanamume mzima na ndevu zake, akapanua mdomo bila kubisha.

Mama akanigeukia. "Haya. Aliyelamba, vidole vinanata. Leta!"

Nikanyoosha vyote kumi. "Havinati. Basi sikulamba."

Neema akaruka kitini. "Bibi, ndiyo yenyewe hiyo! La pili si kweli, basi la kwanza si kweli. Ulithibitisha!"

Nilithibitisha, ndiyo. Nikala wali mpaka nikarudishwa nimebebwa. Beberu ndiye aliyebaki kafungwa kamba siku nzima, kwa kuwa mama hakukubali kesi iishe bila mkosaji.

Ila nilifyonza kwa mrija, kikonyo cha jani la papai. Vidole vingenata vipi? Hoja yangu ilisimama wima; kilichooza ni ile sheria ya mama ya vidole. Neema kaliandika hilo daftarini.

Sasa asali ninayo, chupa nzima kabatini. Nailamba kwa vidole, inachuruzika hadi kwenye kiwiko. Kisha natazama mlangoni, na hakuna anayekuja kunikagua.