Zamu ya mama imefika leo

Leo asubuhi hospitali wamenipigia simu: zamu ya mama ya kupigwa picha ya mkono imefika.

Mama tumeshamzika. Jumamosi tunamaliza matanga.

Baada ya kutibiwa saratani ya titi, mkono wake wa kulia ulivimba. Nilifumua gauni zake zote upande huo nikaongeza kitambaa. Daktari alitaka picha ionyeshe maji yamekwama wapi. Tukaambiwa tungoje kuitwa.

Mama aliulaza mkono juu ya mto na kuuita mgeni. "Mgeni wangu bado hataki kurudi kwao."

Simu imenikuta nakunja gauni hizo, za kuwagawia dada zake.

"Aje na nguo ya mikono mifupi," akasema yule dada wa randevu, anayewapangia wagonjwa siku.

"Mama alishafariki."

Nikasikia karatasi zinageuzwa.

"Pole sana, dada. Sasa tumupangie siku ingine?"

Sijawahi kumkaripia mtu kwenye simu. Leo nimemkaripia.

"Apana. Iyo nafasi mupe mwingine, na mumuite leo."

Kama una mgonjwa anayengojea picha, usikae nyumbani kungoja simu. Nenda ukaketi mlangoni kwao, wakuchoke.

Sisi tulingoja kwa adabu.