Taa Nyekundu ya Papa Ignace

Ornella Bulonza alikuwa mwoga, na hakuona haya kulisema. Kifuniko cha sufuria kikianza kutetemeka motoni, yeye alishatoka jikoni. Tairi la lori likijazwa upepo kando ya barabara kule Kadutu, mtaani kwao Bukavu, alivuka ng'ambo hata kama matope yalimfika magotini. Majirani walimcheka. Wacheke! Kwa mwoga huenda kicheko, kwa shujaa huenda kilio, na kwao kilio kilishafika zamani. Baba yake, Lucien, fundi wa magurudumu, aliuawa na pete ya chuma iliyoruka kutoka kwenye tairi alilokuwa akilijaza. Ornella alikuwa na miaka kumi na mmoja. Alichokumbuka zaidi ni mama yake akirudia siku nzima, "Upepo tu! Upepo tu njo umemuua!"

Sasa mtu wa namna hiyo angetafuta kazi wapi? Alisomea kompyuta, akaangukia karakana moja ya Muhungu inayopima chupa za oksijeni za hospitali. Chupa hujazwa maji, huingizwa ndani ya kizimba cha chuma, kisha pampu huyasukuma maji mpaka shinikizo lipite lile ambalo chupa itabeba kazini. Ikivumilia, hurudi kwa wagonjwa. Ikishindwa, na ipasukie humo humo, watu wakiwa mbali. Kizimba chenyewe kilifungwa kwa komeo tu, kama zizi la mbuzi. Mashine ilikuja na skrini iliyojaa maneno, na Papa Ignace, mwendeshaji wake, hakuwahi kukaa darasani. Patron Chrispin, mwenye karakana, akamwambia Ornella ayatoe maneno yote, aweke picha.

Alichora miezi miwili, na alichora kwa woga wake wote. Chupa, pampu, bomba la kuachilia maji, kila picha pana kiasi cha kutosha kidole kinene cha kazi. Shinikizo likiwa ndani ya chupa, taa nyekundu ingewaka juu ya picha yake: hatari, usisogee. Likiisha, kijani: karibu. Alimwonyesha Papa Ignace picha moja baada ya nyingine.

"Umeelewa, papa?"

"Nimeelewa, maman."

Alimwuliza mara tatu, akajibiwa hivyo hivyo mara tatu. Akaridhika, akarudi nyumbani kumalizia kurasa zilizobaki. Siku iliyofuata, Jumatano, Patron Chrispin, kwa kuwa hospitali zilikuwa zikimpigia simu tangu asubuhi, aliianzisha kazi bila kumngoja.

Ornella alifika Alhamisi na daftari lake, akaketi nyuma ya Papa Ignace amtazame akifanya kazi. Mzee aligusa picha ya chupa, akagusa picha ya pampu. Pampu ikanguruma. Namba zikapanda, taa nyekundu ikawaka kwenye skrini, na Ornella akaandika: vizuri.

Alipoinua macho, kiti kilikuwa kitupu.

Papa Ignace alikuwa ndani ya kizimba. Alikuwa amechuchumaa mbele ya chupa, kitambaa mkononi, sikio karibu ligusane na chuma, akiisikiliza kama daktari anavyosikiliza kifua cha mtoto.

Ornella alitaka kupiga kelele, sauti ikagoma. Aliogopa hata kumwita, kana kwamba jina tu lingetosha kuipasua chupa. Akajirusha mezani, akabonyeza picha ya bomba kwa kiganja kizima. Maji yakaanza kutoka, namba zikaanza kushuka, taratibu, taratibu mno, naye akazitazama huku akimwona baba yake amechuchumaa vilevile. Sekunde tisa. Hakuwa amewahi kuishi sekunde ndefu kama zile.

Kijani kilipowaka, sauti ikarudi.

"Papa Ignace, toka mule! Toka!"

Mzee akatoka, akimshangaa. "Iko nini, maman?"

"Ulikuwa unafanya nini mule ndani?"

"Naangalia kama inavuja. Taa iliwaka nyekundu, courant iko, nikaingia mu kazi."

Hapo Ornella akaelewa, na kuelewa kwenyewe kukamwuma. Katika mji huu umeme huja na kuondoka upendavyo, na kila nyumba ina kijitaa chekundu kwenye multiprise yake, ile soketi ya matundu mengi. Kikiwaka, watoto hushangilia, mama hukimbilia pasi, fundi hushika kazi yake. Hata kwake mwenyewe kipo, kando ya kitanda! Nyekundu aliyoichora ilikuwa imetoka kwenye vitabu vyake. Ya Papa Ignace ilitoka ukutani kwake.

"Na jana?" aliuliza, akiogopa jibu.

"Jana vilevile. Bouteilles quatorze. Zote niliziangalia hivi."

Kumi na nne. Ornella aliketi sakafuni palepale penye maji, akalia bila kujificha. Chupa kumi na nne, na kila moja uso wa mzee ulikuwa kando yake, na yeye nyumbani akichagua rangi.

"Si nilikuuliza kama umeelewa?"

"Uliuliza. Na mimi nilielewa bien." Papa Ignace alichutama mbele yake. Kabla ya karakana aliwahi kuwa chauffeur wa lori miaka ishirini, Bukavu hadi Uvira. "Usilie. Unataka muntu asipite? Weka majani mu njia. Lori ikikufia pale Luvungi, unakata matawi, unatupa mu barabara. Nani atapita mbio? Hata mulevi anasimama."

Ornella alipangusa machozi, akachora palepale, mzee akimsahihisha: matawi zaidi, yalale hivi, hapana, hivi. Alipomaliza hakuuliza kama ameelewa. Alisema, "Nionyeshe."

Ijumaa asubuhi, kwenye chupa ya tatu, matawi yalitokea yakafunika njia yote ya kwenda kizimbani. Papa Ignace alitulia kitini, kitambaa kikavu gotini. Namba zikapanda. Ornella alishika ukingo wa meza, maana woga haukuwahi kumwacha, na sasa hakutaka umwache.

Ndipo chupa ilipopasuka. Kizimba kiliruka, vioo vikalia, maji yakagonga dari. Nje, barabara nzima ililala chini. Bukavu imeona vita; mlio wa namna ile watu hawaulizi ni wa nini. Kwenye chuma cha kizimba, upande anaochuchumaa mwenye kusikiliza, palikuwa na tundu ambamo kichwa cha mtu kingepita.

Papa Ignace alilitazama. Midomo yake ilikuwa ikitembea, na Ornella akasogea karibu asikie. Mzee alikuwa anahesabu chupa za Jumatano, polepole, moja moja, mpaka kumi na nne.